OpenMRS kwenye zahanati ndogo: muundo imara, milango wazi

OpenMRS ni programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Ilianza kuandikwa mwaka 2004 na wataalamu wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani, wakishirikiana na Partners In Health, na mahali pa kwanza kuitumia palikuwa Eldoret, Kenya, Februari 2006, chini ya AMPATH, mpango wa matibabu ya VVU. KenyaEMR na UgandaEMR zimejengwa juu yake, na Rwanda nako imetumika tangu miaka ya mwanzo. Si mgeni kwetu, kwa hiyo inafaa kupimwa bila haya.

Tathmini hii haiangalii wepesi wa kusajili mgonjwa wala uzuri wa kurasa. Inaangalia jambo moja: ukiiweka kwenye zahanati yenye kompyuta tano au sita, siri za mgonjwa zitabaki kwa wanaostahili kuzijua? Jibu letu ni kwamba muundo wa ndani ni mzuri kuliko wa mifumo mingi inayouzwa kwa pesa, ila inapotoka kwenye boksi karibu kila kinga imezimwa au haipo, na hakuna ukurasa utakaokukumbusha kuiwasha. Ukiwa na fundi anayeijua Linux vizuri na anayeweza kurudi walau mara moja kwa mwezi, ichukue. Ukiwa huna, soma kwanza sehemu ya bakapu kabla hujaamua.

Tumelenga toleo la 3 linaloendeshwa kwa Docker (programu inayoendesha mifumo ndani ya makasha yaitwayo kontena), seva moja ikiwa ndani ya kituo. Wenye 2.x mengi yanawahusu vilevile.

Nywila za kiwandani

Akaunti ya msimamizi inakuja na jina admin na nywila Admin123. Imeandikwa kwenye maelekezo ya mradi wenyewe, na kila aliyewahi kuigusa OpenMRS anaijua. Wengi huibadilisha hiyo. Zinazosahaulika ni akaunti za maonyesho za Reference Application (OpenMRS iliyokusanywa tayari kwa kutumika) ya 2.x: doctor yenye Doctor123, nurse yenye Nurse123, clerk yenye Clerk123 na sysadmin yenye Sysadmin123. Fundi anatumia "nurse" kuwafundisha wahudumu, anaondoka, na baada ya muda zamu nzima inaingia kwa akaunti hiyo moja. Mfumo unaandika kwa uaminifu nani amejaza nini, ila kila mstari unasema "nurse".

Kanuni ya nywila iliyomo haitakuokoa. Kwa kawaida inadai herufi 8, kubwa na ndogo zikiwemo, pamoja na tarakimu. Sasa hesabu Nurse123: herufi nane kamili, N kubwa, tarakimu tatu. Inapita bila kuulizwa. Fungua mipangilio ya juu, tafuta security.passwordMinimumLength, weka 14, kisha waambie watu watumie maneno manne yasiyohusiana badala ya neno moja lenye alama za ajabu. Kanuni mpya haigusi nywila za zamani, maana hukaguliwa pale tu mtu anapobadilisha. Kwa hiyo kila mmoja abadilishe siku hiyohiyo, na akaunti za maonyesho zistaafishwe zote.

Akaunti hujifunga kwa dakika 5 majaribio yaliyokosewa yakizidi 7. Hilo linatosha kumzuia mtu anayebahatisha kwa mkono. Uthibitisho wa hatua mbili haumo kwenye mfumo wa msingi. Ukiutaka utaunganisha moduli ya oauth2login na seva ya Keycloak (ya kusimamia uingiaji), kazi ambayo kwa zahanati ya kompyuta tano ni mzigo mkubwa kuliko faida yake. Afadhali nguvu hiyo iende kwenye mtandao.

Kinachopita kwenye waya

Hapa ndipo tunapoilaumu bidhaa yenyewe. Toleo la Docker linafunguka kwenye mlango namba 80, yaani http ya kawaida, bila usimbaji wowote. Mhudumu anapoingia, kivinjari kinatuma jina na nywila kwenye anwani ya /openmrs/ws/rest/v1/session kwa mtindo unaoitwa Basic. Mtu aliye kwenye Wi-Fi hiyohiyo akiwa na Wireshark, programu ya kusoma kinachopita mtandaoni, anaweza kuona mstari huu:

Authorization: Basic YWRtaW46QWRtaW4xMjM=

Kwa macho unafanana na kitu kilichofungwa. Sivyo. Hayo ni maandishi ya kawaida yaliyogeuzwa sura kwa base64. Andika kwenye terminali:

echo YWRtaW46QWRtaW4xMjM= | base64 -d

Utapata admin:Admin123. Hakuna ufunguo uliohitajika. Na kwenye zahanati nyingi Wi-Fi ya mfumo ndiyo hiyohiyo wanayopewa wagonjwa waliokaa kwenye benchi, nywila yake ikiwa imebandikwa ukutani.

Dawa yake ni https, yaani http iliyosimbwa, na ina njia mbili. Ya kwanza: nunua jina la kikoa, lielekeze kwenye anwani ya ndani ya seva, mfano 192.168.10.5, kisha omba cheti cha Let's Encrypt (shirika linalotoa vyeti vya https bure) kwa uthibitisho wa DNS, yaani kupitia rekodi za kikoa hicho. Njia hii haihitaji seva ionekane kutoka nje. Cheti kinadumu siku 90 na programu ya kuhuisha hujaribu kikibaki na siku 30 hivi, kwa hiyo intaneti ikikatika wiki moja au mbili haina neno. Ikikatika mwezi mzima, asubuhi moja kila kompyuta itaonyesha onyo jekundu. Ya pili: tengeneza mamlaka yako ya vyeti na usakinishe cheti chake kwenye kila kifaa. Kwa vifaa sita ni kazi ya nusu siku na haitegemei intaneti kabisa.

Usichague njia ya tatu ambayo mafundi wengi huipenda, ya cheti kilichojisaini chenyewe huku wahudumu wakifundishwa kubofya "endelea hata hivyo". Unakuwa umewazoesha kulipuuza onyo pekee ambalo lingewaambia kuna mtu amejiingiza katikati.

Ukishaweka Caddy au nginx (programu ya kupokea maombi ya https) mbele kwenye mlango 443, funga milango mingine. Na hapa kuna mtego unaowanasa hata mafundi wazoefu. Unaandika kanuni za ufw (kinga ya mtandao ya Ubuntu), unaruhusu 443 kutoka 192.168.10.0/24, yaani mtandao wa ndani, peke yake, unatazama hali yake, kila kitu kimezuiwa, unaridhika. Lakini Docker huandika kanuni zake moja kwa moja kwenye iptables, kinga iliyo chini ya ufw, na kuipita ufw. Mlango uliotangazwa kwenye faili la docker-compose unabaki wazi hata ufw ikikuambia umefungwa. Badilisha mstari wa lango kutoka "80:80" uwe "127.0.0.1:8080:80", ili Caddy iliyo kwenye seva hiyohiyo iufikie na mwingine asiufikie. Ukikuta mahali pameandikwa "3306:3306", hiyo ni hifadhidata imewekwa barazani. Futa mstari wote. Halafu usiamini maandishi. Chukua kompyuta nyingine kwenye mtandao huohuo, andika nmap -p- 192.168.10.5, uone ni milango gani inajibu. Majibu yanayokubalika ni 443 na labda 22 ya fundi.

Wi-Fi ya wageni itengwe. Rauta nyingi za siku hizi zina kipengele hicho. Ni kukiwasha tu.

Majukumu na ruhusa

Upande huu OpenMRS inasifika kwa haki. Ruhusa zimegawanywa vipande vidogo: kuona wagonjwa ni ruhusa moja, kuhariri ni nyingine, kuona vipimo ni nyingine, kufuta kabisa ni nyingine. Unazikusanya ziwe majukumu, kama karani wa mapokezi, nesi, maabara, famasia, daktari, na jukumu moja linaweza kurithi la jingine.

Kuna majukumu manne yaliyojengewa ndani ambayo lazima uyajue. Anonymous ni yeyote ambaye hajaingia. Authenticated ni yeyote aliyeingia. Provider ni watoa huduma. System Developer hupita kila ukaguzi wa ruhusa bila kuulizwa chochote. Kosa tunaloliona kila mahali ni lilelile: karani analalamika ukurasa haufunguki, fundi ana haraka, anampa System Developer, ukurasa unafunguka, kila mtu anafurahi. Kuanzia siku hiyo mapokezi yanaweza kusoma majibu ya VVU ya mji mzima. Kosa la pili ni kuitupia Authenticated ruhusa zote ili malalamiko yaishe kwa mpigo mmoja. Ukipokea mfumo uliowekwa na mtu mwingine, anza na orodha ya wenye System Developer. Wakizidi wawili, uliza kwa nini.

Jambo jingine kwa wenye toleo la 3: kuficha kichupo kwenye skrini si kumnyima mtu data. Kurasa ni sura tu; data inatoka kwenye REST (njia ambayo kurasa huombea data kwenye seva), na REST inatazama ruhusa za akaunti. Jaribio lake ni jepesi. Sajili mgonjwa wa bandia, mjazie matokeo ya maabara, chukua utambulisho wake mrefu kwenye anwani ya ukurasa, kisha kwa akaunti ya karani andika:

curl -u karani "https://seva-yako/openmrs/ws/rest/v1/obs?patient=UTAMBULISHO"

Yakija matokeo, karani anayaona, hata kama skrini yake haina kitufe. Muondolee ruhusa ya Get Observations, rudia. Baadhi ya kurasa zake zitalalamika, na hapo ndipo unapopanga upya skrini ya mapokezi ibaki na usajili na foleni tu.

Kwa kliniki nyeti, kila aina ya tukio la huduma inaweza kuwekewa ruhusa yake ya kuona na ya kuhariri. Unaweza kusema ziara za CTC (kliniki ya wenye VVU) zionekane na wenye ruhusa fulani pekee. Ni kipengele kizuri na wengi hawajui kipo. Ila usikitangaze kuwa kinafanya kazi kabla ya kupitia kila kichupo kwa akaunti ya mtu asiye na ruhusa: dawa, orodha ya miadi, grafu za vipimo. Mgonjwa mwenye dawa za ARV kwenye orodha yake hahitaji ziara ionekane ili siri yake ijulikane. Jina la kliniki kwenye kalenda ya miadi nalo linasema yote.

Kasoro iliyobaki ni kwamba ruhusa zinafuata kazi, hazifuati mgonjwa. Nesi mwenye haki ya kuona wagonjwa anaweza kumtafuta yeyote, awe amemhudumia au la. Hospitali yenye matawi inaweza kutumia moduli ya Data Filter kuwatenganisha kwa eneo. Zahanati moja haina cha kutenganisha, na mtaani kila mtu ni jirani wa mtu.

Nani alichungulia?

Kwa mabadiliko, kumbukumbu ni safi. Kila mstari kwenye hifadhidata unabeba aliyeuunda, aliyeubadilisha na tarehe. Daftari likikosewa halifutwi, linabatilishwa: jina la aliyebatilisha, siku na sababu vinabaki. Mtu akibadilisha matokeo ya kipimo ili kuficha kosa, alama yake inabaki. Hiyo ni nguvu ya kweli, na mifumo mingi ya bei kubwa haina. Upande wa pili wake, mgonjwa akidai taarifa zake zifutwe na wewe ukabofya kitufe cha kawaida, hazijafutika. Zimefichwa kwenye skrini, kwenye jedwali zimo.

Kwa kusoma, mfumo unavyokuja hauandiki kitu. Dada wa mapokezi akifungua faili la mpangaji mwenzake, akasoma, akafunga, hakuna ukurasa wa kukuonyesha. Tunaihesabu hii kuwa kasoro kubwa kuliko zote za bidhaa hii, kwa sababu siri nyingi za wagonjwa hutoka kwa watu wenye nywila halali. Wadukuzi wa mbali ni wachache.

Njia ya kujisaidia ni logi za nginx au Caddy. Zinaandika saa, anwani ya IP ya kompyuta na anwani iliyoombwa, na ndani ya anwani hiyo mna utambulisho wa mgonjwa. Ipe kila kompyuta IP isiyobadilika, tunza daftari la zamu linaloonyesha nani alikaa wapi, hifadhi logi kwa mwaka mmoja. Malalamiko yakija, unatafuta utambulisho wa mgonjwa huyo na unaona ulifunguliwa kompyuta gani saa ngapi. Ushahidi huu una tundu: haumtaji mtu, na ukikuta kompyuta moja inatumiwa na watatu bila kufungwa skrini, umekwama. Weka kila skrini ijifunge baada ya dakika 3 na uwazoeshe watu kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na L wanaponyanyuka. Wahudumu wenyewe wajue kwamba logi zipo. Hilo tu hupunguza kuchungulia.

Seva ikiibiwa

Majedwali ya OpenMRS ni maandishi ya kawaida. Jina, simu, kijiji, majibu, vyote vinasomeka na yeyote mwenye diski mkononi. Faili la openmrs-runtime.properties nalo lina nywila ya hifadhidata bila kufichwa. Kwa hiyo diski isimbwe kwa LUKS, usimbaji wa diski wa Linux, siku ya kusakinisha Ubuntu, kwa kuwa kufanya hivyo baadaye ni kuhamisha kila kitu.

Tatizo la LUKS kwetu ni umeme. Ukikatika saa nane usiku na ukarudi, seva inasimama ikisubiri mtu aandike nywila, na asubuhi foleni imejaa mlangoni. Suluhisho la kwanza ni kutumia laptop kama seva: betri yake inavumilia mikatiko mifupi, na UPS ndogo inaishikilia rauta. La pili ni kuifungia nywila ya diski kwenye TPM, chipu ya kutunza funguo iliyo ndani ya kompyuta, ili mashine ijiwashe yenyewe. Ujue unachouza hapo. Mwizi akichomoa diski na kuiweka kwenye mashine nyingine hataisoma, lakini akibeba mashine nzima itajiwasha hadi kwenye ukurasa wa kuingia, na kinga yako inabaki nywila za akaunti. Kwa seva iliyo kwenye kabati la chuma lenye kufuli, TPM inatosha. Kwa laptop iliyo juu ya meza ya famasia, andikeni nywila kwa mkono kila ikiwaka, na nakala yake ikae kwenye bahasha iliyofungwa kwa mganga mfawidhi.

Bakapu, mahali siri zinapotokea kweli

Zahanati nyingi zilizosimba diski hubeba bakapu kwenye flashi tupu mfukoni. Kazi yote ya juu inakuwa bure.

Njia tunayoipendekeza inatumia jozi ya funguo za GPG, programu ya kusimba mafaili. Ufunguo wa umma unakaa kwenye seva na unaweza kufunga tu. Ufunguo wa siri, wenye kufungua, hauwekwi kwenye seva kamwe. Unakaa kwenye flashi mbili, moja kwa mganga mfawidhi, moja kwa mmiliki au mjumbe wa bodi. Hivyo hata seva ikivamiwa, bakapu za nyuma hazisomeki. Hati yenyewe ni fupi:

set -euo pipefail
docker compose exec -T db sh -c 'mariadb-dump --single-transaction --routines -u root -p"$MYSQL_ROOT_PASSWORD" openmrs' | gzip | gpg --batch --trust-model always --encrypt --recipient bakapu-zahanati > /bakapu/openmrs-$(date +%F).sql.gz.gpg

Kila kipande kina sababu. Kubana kwa gzip lazima kutangulie usimbaji, maana data iliyosimbwa haibaniki tena. Bila --trust-model always, gpg inayoendeshwa na cron (kipanga ratiba cha Linux) usiku hukataa ufunguo usiothibitishwa, na hakuna mtu wa kumjibu. Hakuna hatua inayoandika faili tupu la .sql kwenye diski. Kosa la kuliandika kwanza "halafu tutalifuta" huacha nakala nzima ya wagonjwa kwenye folda ya mtu. Nywila ya hifadhidata inasomwa ndani ya kontena, haiandikwi kwenye hati. Na set -o pipefail ndiyo inayokulinda dhidi ya janga la kimyakimya. Bila hiyo, hifadhidata ikikataa kufunguka, gzip inapokea hewa na bado inasema imefaulu. Gzip ya kitu kitupu ina baiti 20. Ukiisimba inakuwa mamia kadhaa ya baiti, faili lenye tarehe nzuri na ndani hamna mgonjwa hata mmoja.

Angalia ukubwa kila wiki. Faili la leo likiwa dogo sana kuliko la jana, kuna jambo. Na mara moja kwa mwezi fungua bakapu moja kwenye mashine nyingine iliyosimbwa, soma mstari wa mwisho wa faili. Unapaswa kuanza na "-- Dump completed". Usipouona, faili limekatika njiani.

Kingine ambacho maelekezo mengi ya mitandaoni hukisahau: picha na nyaraka zilizoambatishwa kwa mgonjwa hazimo ndani ya hifadhidata. Zinakaa kama mafaili kwenye folda ya complex_obs ndani ya saraka ya data ya OpenMRS. Bakapu ya hifadhidata peke yake itarudisha majina na kuacha picha za eksirei na fomu za ridhaa. Zifunge kwa tar na uzisimbe kwa ufunguo uleule.

Nakala moja ikae kwenye seva, ya pili kwenye diski ya nje inayochomekwa wakati wa bakapu na kuchomolewa, ya tatu nje ya jengo. Ikiwa imesimbwa hivi, hata wingu la kawaida linafaa kwa hiyo ya tatu, mradi sheria ya nchi yako kuhusu kupeleka taarifa nje ya mipaka umeitazama. Diski inayobaki imechomekwa muda wote itasimbwa na virusi vya kudai fidia pamoja na seva yenyewe.

Kinachotoka kwa mlango wa mbele

Ripoti za mwezi zinazokwenda DHIS2, mfumo wa takwimu za afya, ni jumla tu, na kwa kawaida hazimtaji mtu. Ila kituo kidogo kikiripoti mgonjwa 1 wa kike wa miaka 10 hadi 14 mwenye ugonjwa wa zinaa, wenyeji hawahitaji jina. Ripoti za aina hiyo ziende kwa wanaozihitaji tu, zisibandikwe kwenye ubao wa takwimu.

Hatari zaidi ni orodha za Excel zenye majina, zile za kufuatilia waliokosa miadi. Mtu anazipakua, zinabaki kwenye folda ya Downloads ya kompyuta ya pamoja miezi sita. Toa ruhusa ya kupakua kwa watu wawili tu na ufute folda hiyo kila Ijumaa.

Kuna pia msaada wa kiufundi. Mfumo ukigoma, mtu anapiga picha ya skrini na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp la mafundi, jina la mgonjwa likisomeka juu. Kata picha ibaki na ujumbe wa kosa. Usitegemee kalamu nyembamba ya simu. Rangi isiyojaa huonyesha herufi chini yake mwanga ukiongezwa. Fundi akiomba "nakala ya database nijaribu nyumbani", jibu ni hapana. OpenMRS inaweza kuzalisha wagonjwa wa bandia kwa majaribio, na makosa mengi ya programu hujirudia kwao.

Masasisho

Mwanzoni mwa 2019 ilitangazwa CVE-2018-19276 (namba ya utambulisho ya kasoro ya usalama), tundu lililokuwa kwenye moduli ya webservices.rest kabla ya toleo 2.24.0. Mtu asiye na akaunti yoyote aliweza kutuma ombi moja na kuendesha amri zake ndani ya seva. Zingatia lilikuwa wapi: kwenye moduli, si kwenye kiini cha mfumo. Vituo vilivyosasisha kiini peke yake vilibaki wazi. Kila unaposasisha, pitia orodha ya moduli moja moja, na zile usizotumia ziondoe.

Kwa sababu hiyohiyo, seva isiwekwe kwenye intaneti ya wazi. Daktari anayetaka kuingia akiwa nyumbani apewe WireGuard (njia ya siri ya kuingia mtandao wa ndani, VPN), mlango mmoja wa UDP 51820, ufunguo wake mwenyewe, na ufunguo huo ufutwe siku anayoacha kazi. Siku hiyohiyo akaunti yake ya OpenMRS istaafishwe. Usiifute, ili jina lake libaki kwenye kumbukumbu alizoandika.

Sheria, kwa ufupi

Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 taarifa zikivuja na kuwepo hatari kwa wahusika, na faini inafika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, iliyo ndogo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake inasajili wakusanyaji na wachakataji wa taarifa. Kote kuwili taarifa za afya ni nyeti, na zahanati ndogo haisamehewi kujisajili. Saa 72 ni chache kuliko zinavyosikika: bila logi tulizozitaja hutajua hata ni wagonjwa wangapi wa kuripoti.

Ukiwa huna fundi

Usiiweke mwenyewe. Tafuta mtoa huduma wa kuiendesha, au mfumo mwingine wowote, na umuulize kwa maandishi: bakapu zinasimbwa kwa ufunguo wa nani, nani kwenu anaweza kusoma faili la mgonjwa wangu, lini mara ya mwisho mlirudisha bakapu mkaona inafanya kazi, na tukiachana data yangu naipata kwa muundo gani. Akijibu swali la kwanza kwa "mfumo wetu ni salama sana", endelea kutafuta. OpenMRS yenyewe ni bure chini ya leseni ya MPL 2.0, kwa hiyo unayemlipa unamlipia kazi, na kazi hiyo ina haki ya kukaguliwa.

Seva ya zamani ikishachoka, usiiuze wala kuipeleka shule ya jirani kabla ya kuishughulikia diski. Kama ilisimbwa kwa LUKS, amri moja inatosha: cryptsetup erase ikifuatiwa na jina la sehemu iliyosimbwa. Inaharibu nafasi zote za funguo, na data iliyobaki haifunguki tena, hata kwenye SSD ambako kuandika juu kwa juu hakuaminiki. Ikiwa uliwahi kutunza nakala ya kichwa cha LUKS kwenye flashi, iharibu nayo, maana hiyo pamoja na nywila ya zamani inafungua kila kitu. Kama haikusimbwa, chomoa diski, itoboe au ivunje, na uuze kasha.